Haloo Alivyoitaarifu Halmashauri

Jina alilopewa na wazazi wake halikumfaa kitu kiwandani. Walimwita Haloo, maana ndilo neno lililomlisha. Alikaa mapokezi ya kiwanda cha kuyeyusha vyuma chakavu, nyuma ya meza ndefu iliyofunikwa kioo, na mbele yake simu mbili. Nyeusi ilikuwa ya wateja, nayo ililia mchana kutwa. Nyekundu ilikwenda moja kwa moja halmashauri, na hiyo kazi yake haikuwa kulia. Yeye ndiye wa kuipiga.

Hebu nikueleze habari ya hiyo nyekundu mapema, usije ukanikatiza huko mbele. Katika vyuma chakavu huingia kila balaa: vitanda vya hospitali, mabomba ya viwanda vilivyofungwa, mitambo iliyokatwakatwa. Na mara mojamoja, katikati ya mabomba hayo, hujificha kijisanduku kizito chenye punje ya kitu cha mionzi, ambacho mtu fulani aliona tabu kukirudisha kwa wenyewe. Kikipita langoni kisionekane, kinatupwa tanuruni, kinayeyuka pamoja na vingine, na ile sumu inapanda na vumbi la moshi.

Ndiyo maana pana sheria. Mionzi ikitoka nje kwa ajali, kiwanda kimtaarifu mara moja kwa simu afisa wa dharura wa halmashauri. Halmashauri nayo itoe gari la kipaza sauti lizunguke mitaani, watu waingie ndani, wafunge madirisha, wasiguse maji ya mapipa ya wazi, shule isiwatoe watoto uwanjani. Kiwanda chenyewe kisitangaze, eti kitazua taharuki. Mpigaji awe mtu mmoja aliyeteuliwa. Mpigaji akidanganya, jela. Mpokeaji akipokea kisha akakaa kimya, jela. Na mwenye kiwanda je? Faini. Waliotunga walijua wanamtungia nani, na hapo sitii neno zaidi, nisije nikatukana.

Mpigaji aliyeteuliwa alikuwa Haloo. Mpokeaji wa zamu ya mchana, kule halmashauri, alikuwa mdogo wake.

Mdogo wake, au tuseme mtoto wake. Baba yao alifariki huyo mdogo akiwa bado anatambaa, na mama alikuwa mfuaji wa nguo za watu. Haloo akaacha shule, akatafuta kazi, akamsomesha. Nyumbani walimwita Kitinda, maana mama hakuzaa tena baada yake. Haloo mwenyewe hakuolewa. Ukimuuliza ana watoto wangapi, alikujibu, "Mmoja, ana ndevu," kisha akacheka peke yake. Nafasi ya kazi ilipotokea halmashauri, alimsumbua karani wa ajira mpaka yule karani akawa akimwona kwa mbali anapita mlango wa nyuma. Kitinda alipoipata, dada alimpigia pasi shati mara mbili, akampiga kikofi cha kisogoni. "Usiniaibishe," akamwambia. Na kweli hakumwaibisha.

Sheria ilitaka pia zoezi kila mwezi. Siku ya zoezi, Haloo aliinua ile nyekundu, akaanza na neno zoezi, ili gari lisitoke na watu wasikimbizwe bure. Mpokeaji alijibu, "Zoezi limepokelewa," basi. Hakuna aliyeliandika popote. Na kwa kuwa aliyepiga ni dada na aliyepokea ni mdogo mtu, zoezi likawa maongezi ya nyumbani. Baada ya lile neno la kwanza walihamia kwenye kikohozi cha mama, bati linalovuja, na lini Kitinda ataleta mchumba. Kiwandani wote walijua, hata mlinzi wa lango alimtania: "Haloo, leo umeitaarifu halmashauri kwamba mboga imeungua?" Naye hakukasirika. Aliona fahari, jamani, kwamba serikali nzima imewawekea wao wawili simu yao.

Siku yenyewe ilikuwa ya wageni. Wanunuzi wa nondo walitoka mbali kutia saini mkataba, na meneja alivaa tai, akawaingiza chumba cha mikutano kwa tabasamu ambalo wafanyakazi hawakupata kulionja. Chakula cha mchana kilikuwa kimekwisha kuliwa. Haloo alikuwa akifuta kioo cha meza pale fundi wa tanuru alipoingia anahema, uso mweusi kwa masizi, mkononi kile kipimio kidogo cha mionzi ambacho kila mtu alikuwa amekisahau kabatini.

"Mwite meneja," akasema. "Mwite sasa hivi."

Meneja alitoka, akaufunga mlango taratibu nyuma yake ili wageni wasisikie.

"Kengele ya chumba cha kuchujia moshi inalia, bwana, haizimiki," fundi akasema. "Nikachukua hiki nikapima mwenyewe. Kinapiga kelele. Nikaenda mpaka ukuta wa nyuma, upande wa mitaani, kinapiga kelele hata huko. Mfuko mmoja wa kuchuja umepasuka. Moshi unatoka hivyo hivyo."

"Tangu lini?"

"Labda tangu asubuhi."

Mkono wa Haloo ulikwisha kuwa juu ya simu nyekundu. Haukungoja akili. Ukuta wa nyuma unapakana na shule, na baada ya shule ni mitaa yao wenyewe, nyumba ya mama ikiwa ya kwanza pembeni.

"Kazime tanuru," meneja akamwambia fundi. "Sema umeme umekorofisha. Na usisahau nani alilipokea rundo hili la chuma akasema ni safi." Fundi aliinamisha kichwa akatoka. Kisha meneja akamgeukia Haloo. "Haya, piga. Sheria ni sheria."

Moyo wake ukatulia. Akainua mkono wa simu.

"Lakini anza na zoezi."

Haloo akadhani hakusikia vizuri. "Zoezi lilikuwa wiki iliyopita, meneja."

"Basi na leo lipo jingine. Sheria imesema tupige simu mara moja. Tunapiga mara moja. Unataka lile gari lipite hapa nje linapayuka na wale watu wako ndani wameshika kalamu? Wakiondoka tutapiga ya pili, tuseme vyote."

"Watoto wako uwanjani, bwana. Watu wameanika nguo."

"Haloo, una umri gani?"

Akamtajia.

"Na ni ofisi gani inayoajiri mwanamke wa umri huo kukaa mapokezi?" Aliuliza kwa upole, tena huku akinyoosha tai. "Sikulazimishi. Ukiona vibaya, inuka, nitamweka binti yule wa stoo hapo, naye atapiga hivyo hivyo. Simu itapigwa tu. Tofauti ni nani atakuwa na kazi kesho."

Ningependa kukuambia kwamba alimtemea mate. Hakumtemea. Alisema, "Naomba niende msalani kwanza," na meneja akaangalia saa, akamwambia afanye haraka.

Msalani alijifungia, akatoa simu yake ndogo, akampigia mama.

"Uko wapi, mama?"

"Nipo uani, naanua nguo. Leo kuna vumbi, si mchezo. Ni kama mtu anapepeta unga."

"Ziache. Ingia ndani, funga madirisha yote. Maji ya pipa usiyaguse. Usiniulize kitu."

"Kuna nini? Niko hapa na jirani, anaogesha wajukuu."

Haloo alisikia kule uani mtoto akicheka na maji yakimwagika. Jirani yule ndiye aliyemshikia mama mkono siku ya msiba wa baba.

"Ingia wewe, mama. Usimwambie mtu, utaniponza."

Mama akaingia. Jirani akabaki anamimina maji ya pipa juu ya kichwa cha mtoto, kopo baada ya kopo.

Haloo alirudi mezani. Meneja alikuwa amesimama palepale, mkono mmoja juu ya kioo. Akainua nyekundu.

"Haloo," sauti ya Kitinda ikaja, imechangamka. "Halmashauri, dharura."

"Zoezi," akasema.

"Zoezi? Si tulifanya juzijuzi hapa?"

"Meneja anataka jingine. Tuna wageni."

"Anajipendekeza." Akacheka. "Zoezi limepokelewa. Mbona sauti yako hivyo, dada? Unalia?"

Meneja alikuwa akimtazama mdomo.

"Mafua," akasema.

"Kunywa kitu cha moto. Jioni nitapita nyumbani."

"Sawa," akasema, akaiweka simu mahali pake. Mara mbili Kitinda alimfungulia mlango wa kusema kweli, na mara mbili aliufunga kwa mkono wake mwenyewe. Meneja akampapasa bega, akarudi kwa wageni.

Simu ya pili haikupigwa. Wageni walipoondoka, meneja alisema wangoje wapime vizuri kwanza. Walipokwisha kupima, akasema sasa wakipiga wataulizwa walikuwa wapi. Fundi wa tanuru akahamishiwa tawi la mbali, kwa cheo kikubwa zaidi, akaondoka bila kuaga. Haloo alipokea wateja, akafuta kioo. Kila alipopita karibu na shule akiwaona watoto wanagaragara mchangani, alivuka barabara. Nyumbani akakataza maji ya pipa, akasema yana wadudu. Kwa jirani hakukanyaga.

Mambo yalifichuka kwa njia ya kipuuzi. Lile vumbi la moshi huuzwa, kuna viwanda vinavyolinunua kulikamua madini. Lori lililolibeba likafika kwa wanunuzi, na lango la wenzetu lina king'ora cha mionzi, nacho kumbe husikilizwa kikilia. Wakalizuia, wakapiga simu juu, na simu zikashuka. Wakaja watu waliovaa mavazi meupe toka kichwani hadi miguuni. Wakachimba uwanja wa shule, wakapakia udongo kwenye mapipa. Wakapima watoto mmoja mmoja kwenye mstari, kama wanaopimwa sare. Mjukuu mdogo wa jirani alikutwa na mionzi mwilini kuliko wote. Wakamchukua kwenda hospitali ya mbali, na bibi yake akakatazwa kupanda gari. Alilikimbilia nyuma mpaka kandambili zikamtoka.

Ndipo likaulizwa swali: kiwanda kilitaarifu?

"Mara moja," meneja akajibu. Kampuni ya simu ikathibitisha kwamba kweli, mchana ule simu nyekundu ilipigwa, ikapokelewa. Wakamkamata aliyeipokea.

Kitinda alisema aliambiwa ni zoezi. Wakamuuliza ushahidi uko wapi. Hakuwa nao. Akasema, "Muulizeni dada." Alisema hivyo kwa amani kabisa, maana alijua wakimuuliza dada, mambo yamekwisha.

Jioni moja kabla ya kesi, wakili wa kiwanda alimtembelea Haloo nyumbani. Mama alikuwa jikoni. Wakili alikaa, akapokea chai, akasifu usafi wa nyumba.

"Nikwambie kitu kama ndugu," akaanza. "Kwenye simu ile mlikuwa wawili. Ama wewe ulidanganya, ama yeye alipuuza. Mmoja ataingia ndani. Meneja hakuwa kwenye simu."

"Ndiye aliyeniambia niseme vile. Alisimama mbele yangu."

"Nani alimsikia?"

Fundi alikwisha kuondoka kabla ya lile neno, na hata angekuwepo, sasa alikuwa na ofisi yenye pazia.

"Kijana bado ana nguvu," wakili akaendelea, akipuliza chai. "Akifungwa atatoka ataoa, atazaa. Wewe ukiingia, kutoka kwako ni kwa machela. Na mama huyu atabaki na nani? Fikiria. Chai yenu nzuri sana."

Mshenzi yule! Hata kikombe alikimaliza. Alipoondoka, Haloo alikaa kitako sakafuni, akaapa kwamba atasema kweli na liwalo na liwe. Naamini alikuwa anamaanisha. Usiku huo alimpigia Kitinda pasi shati la kuvaa mahakamani, akalitia kwenye mfuko apelekewe mahabusu.

Mahakamani palijaa watu wa mtaa. Shahidi wa kwanza aliyeitwa hakuwa Haloo. Alikuwa mama, na aliyempa mwendesha mashtaka jina lake ni wakili yuleyule, aliyekuwa ameiona simu ya msalani kwenye orodha ya kampuni ya simu. Mama alipanda kizimbani amevaa nguo zake za kutokea. Hakuwa na wasiwasi. Alijua ameitwa kuwasaidia wanawe.

"Mama, siku ile binti yako alikupigia simu?"

"Alinipigia. Aliniambia niingie ndani, nifunge madirisha, nisiguse maji ya pipa. Binti yangu huyu ana akili, baba. Ameniokoa."

Ukumbi ukaguna. Jirani akasimama huko nyuma, kanga imemdondoka begani. "Tulikuwa wote pale uani!" akapiga kelele. "Ulikunja nguo zako ukaingia, hukunitazama! Nikaendelea kumwogesha!" Askari wakamkalisha. Mama akamwangalia kama aliyeamshwa ghafla.

"Kwa hiyo binti yako alijua kwamba hatari ni ya kweli," mwendesha mashtaka akasema.

"Alijua, ndiyo."

"Na mtu aliyemwonya mama yake, anaweza dakika hiyohiyo kumdanganya mdogo wake?"

"Hawezi!" mama akajibu kwa nguvu, kidogo amekasirika kuulizwa upuuzi. "Amemlea kwa mikono yake. Wanangu hawadanganyani."

Akashuka, akampita Kitinda kizimbani mwake, akamgusa mkono na kumtabasamia, maana alidhani amemsaidia.

Kisha wakamwita Haloo. Akala kiapo. Kitinda alimtazama kama alivyokuwa akimtazama alipokuwa mdogo, anangoja mlangoni dada arudi kazini. Shati lilikuwa limenyooka.

"Ulimtaarifu mshtakiwa kwa maneno gani? Ulitumia neno zoezi, au hukulitumia?"

Kweli ilikuwa imekwisha kufika mdomoni. Mbele yake alisimama askari mwanamke, mnene, amechoka, pingu zikining'inia kiunoni, anapiga miayo. Haloo aliziangalia zile pingu. Ni hicho tu. Hakuwaza mama wala kazi wala lolote alilolitaja wakili. Aliogopa, basi.

"Sikulitumia," akasema. "Nilimwambia ni kweli."

Hakimu akaandika. Halafu akamgeukia mshtakiwa. "Una swali kwa shahidi?"

Kitinda akasimama. Watu wakangoja amrukie kwa matusi, na ingekuwa nafuu kwa Haloo, mara elfu. Kijana akamtazama dada yake, akamtazama yule askari na pingu zake, akaelewa ni nani ataondoka nazo akisema neno moja zaidi.

"Sina swali," akasema. "Kama dada amesema hivyo, ndivyo."

Alifungwa miaka sita. Kiwanda kilitozwa faini kwa uzembe wa langoni, na katika hukumu kikasifiwa kwa kuitaarifu halmashauri bila kuchelewa. Haloo akarudi kwenye kiti chake. Meneja alimletea pole ya ndugu yake mbele ya wafanyakazi wote, akamshika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili. Mtaani hakuna aliyewasalimia tena, yeye wala mama. Mjukuu wa jirani alirudi, hana nywele, na bibi yake akahamisha mlango wa nyumba upande wa pili ili asiwaone.

Mama alikwenda gerezani kumwona Kitinda kila waliporuhusu. Haloo alisema ana kazi. Siku moja mama alirudi mapema, akakaa kitandani, akaanza kukunja nguo alizomfulia mwanawe, moja moja.

"Nimemuuliza leo," akasema bila kuinua uso. "Nimemwambia, mwanangu, uliambiwa na dada yako, kwa nini ulikaa kimya? Amenijibu, mama, tuongee mengine." Akakunja soksi. "Mimi ulinipigia ukaniambia nifunge madirisha. Yeye ulimwambia nini?"

Haloo alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wa kazini bado begani. Angeweza kudanganya tena, na uongo wenyewe ulikwisha kuzoea njia.

"Nilimwambia zoezi, mama."

Mama hakupiga kelele. Mikono tu ndiyo iliyosimama.

"Meneja alikuwa amesimama mbele yangu," Haloo akasema. Akaanza kulia. "Nitakwenda kusema, mama. Nitakwenda kwa hakimu nimwambie yote."

"Ukisema, watamtoa?"

"Nadhani watamtoa."

"Na wewe watakuweka ndani."

"Ndiyo, mama."

Mama akafikiri. Haikumchukua muda.

"Basi nenda," akasema.

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Ofisi bado hazijafungwa."

Haloo akapangusa uso. Akauvuta mkanda wa mkoba begani, akaangalia mlango, akaangalia viatu vyake ambavyo hakuwa amevivua. Nje bado kulikuwa na jua. Akasogea hatua, akasimama. Kisha akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, akaupakata mkoba, akainamisha kichwa. Mama alimngoja. Alimngoja muda mrefu, na Haloo hakuinuka.

Mama akachukua shati la Kitinda, akalikunja, akaliweka juu ya mengine.

"Nipikie basi, nina njaa," akasema. "Nikikuchukia wewe, nitakula kwa nani?"

Haloo akainuka, akaenda jikoni kuwasha jiko.